Jeneza la karatasi

Nyanya yangu alikuwa hawezi kuona karatasi yenye herufi za Kiarabu imelala chini halafu aipite. Angeinama na yale magoti yake mabovu, aiokote, aipanguse vumbi, aibusu, kisha aichomeke kwenye ufa wa ukuta au aende nayo mpaka kwenye kasha lake. Haijalishi imeandikwa nini. Yaweza kuwa karatasi ya majani ya chai iliyokuja na mtu kutoka Oman, au kipande cha gazeti kilichofungiwa halua, yeye hakujua na wala hakutaka kujua, alichojua ni kwamba herufi hizo ndizo zinazoandika jina la Mungu na huenda jina limo humo ndani, sasa wewe utalikanyaga?

Basi kasha likajaa. Kulikuwa na juzuu zilizochakaa, barua za ndugu zake wa Lamu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hesabu za leso alizokuwa akikopesha wanawake wa mtaani, na tenzi, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa, tenzi alizozinakili kwa mkono wake akiwa kigoli. Mimi sikuziona. Alipofariki nilikuwa kidato cha tatu, na baada ya arobaini ami yangu alilichukua kasha, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akachoma kila kilichokuwemo, majivu akayafukia. Na naomba niseme mapema, manake kuna binamu zangu wanasoma hapa, ami hakukosea. Alifanya vile alivyofundishwa kwamba karatasi tukufu iliyochakaa ndivyo inavyoheshimiwa. Lakini mimi nilikaa na hasira miaka mingi na sikuwa najua nimkasirikie nani.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa mpaka nikaingia kwenye mambo ya washairi wa Kiyahudi wa Hispania ya zama za kati, manake najua kuna mtu ashaanza kujiuliza. Mimi nina saiba, nachapa, natoa fotokopi, nalaminisha. Siku moja akaja mteja, mwanafunzi wa historia, na tasnifu yake kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, anataka ipangwe vizuri na ipigwe jalada. Nikiwa napanga kurasa nikakuta maelezo kuhusu barua za wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Aden na pwani ya Malabar miaka ya 1100, watu wanaandikiana habari za pilipili na chuma na meli zilizozama, na barua hizo zote zimepatikana kwenye chumba kimoja Misri, chumba kinachoitwa geniza. Nikasimama hapo. Geniza. Nikalisema kwa sauti. Jeneza!

Na kweli wenye kuzijua lugha hizi wanasema maneno haya ni ndugu, la Kiebrania lina maana ya kuficha na kuhifadhi, na lile la Kiarabu lililotuletea sisi jeneza limetoka kwenye ukoo huohuo. Ni mahali pa kuwekea maandishi yaliyokufa yakisubiri kuzikwa. Mayahudi hawatupi karatasi yenye jina la Mungu, na kwa kuwa herufi za Kiebrania ni zilezile za maandiko matakatifu, basi watu wa Fustat, Cairo ya zamani, wakawa hawatupi karibu chochote chenye herufi hizo. Hati za ndoa, barua, dawa alizoandika daktari, vitabu vya watoto vya kujifunzia alifu be te, orodha za madeni. Kila kitu kilirushwa ndani ya chumba cha juu kwenye sinagogi la Ben Ezra, chumba kisicho na mlango, kina tundu tu ukutani na unalifikia kwa ngazi. Kwa desturi yao ilitakiwa baada ya muda karatasi zitolewe zikazikwe makaburini. Hapo ndipo watu wa Fustat walipochelewa kidogo. Walichelewa kama miaka 900.

Huwa nacheka peke yangu nikifikiria hilo. Heshima walikuwa nayo sawasawa na ya nyanya yangu, walichokosa ni ami wa kuja na kiberiti. Na Misri ni kukavu, hakuna unyevu wala mchwa kama huku kwetu ambako ukisahau kitabu chini ya kitanda msimu mmoja wa masika unakuta unga.

Mwaka 1896 dada wawili pacha wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na kurasa walizonunua kwenye safari yao, wakamuonyesha mwalimu mmoja wa chuo, Solomon Schechter, na yeye akatambua kwamba ukurasa mmoja ni wa Ben Sira, kitabu cha zamani cha hekima, kwa Kiebrania chake cha asili, kitu ambacho kilidhaniwa kimepotea kabisa. Mwisho wa mwaka huohuo akasafiri mpaka Cairo, akaingia kwenye lile vumbi, akaondoka na vipande karibu 193,000. Ukijumlisha na vingine vilivyotawanyika kwenye maktaba za dunia vinakaribia 400,000. Picha zake nyingi sasa ziko intaneti, bure, unaweza kukaa na chai yako Kisauni ukaangalia mwandiko wa mtu wa mwaka 1100 mpaka pale wino ulipomdondokea.

Mimi nikawa naangalia usiku baada ya kufunga. Kiebrania sikijui, nilijifunza herufi zake kwa kubahatisha, lakini Kiarabu kidogo cha chuoni ninacho na hicho kilinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia, manake sehemu kubwa ya zile karatasi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wallahi nilishtuka. Nyanya yangu aliandika lugha yake kwa herufi za watu wengine, na hawa waliandika lugha ya wengine kwa herufi zao. Nyumbani na sokoni Kiarabu, falsafa na udaktari Kiarabu, lakini wakitaka kutunga shairi wanarudi kwenye Kiebrania cha Biblia, lugha ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia kununulia samaki.

Na hapo ndipo ugomvi unapoanza, na huu ugomvi ndio ulionifanya niandike.

Karne ya 10, Cordoba, mji mkuu wa Waislamu wa Hispania. Abd al-Rahman wa Tatu amejitangaza khalifa mwaka 929, mji umejaa vitabu, na kwenye baraza lake yupo daktari Myahudi anaitwa Hasdai ibn Shaprut, mtu wa karibu na mfalme, anapokea mabalozi, anasimamia ushuru, alishiriki hata kazi ya kugeuza kitabu cha dawa cha Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa kale, kuwa Kiarabu baada ya mfalme wa Byzantium kukileta zawadi. Mtu mkubwa kama huyo anahitaji mtu wa kumuandikia. Kwa hiyo alikuwa na katibu wake, Menahem ben Saruq wa Tortosa, mtu mpole hivi, bingwa wa lugha, aliyetunga kamusi ya Kiebrania kwa Kiebrania, na ndiye aliyeandika ile barua maarufu ya Hasdai kwenda kwa mfalme wa Wakhazar, taifa la mbali ambalo watawala wake walifuata dini ya Kiyahudi, akaficha jina lake mwenyewe kwenye herufi za mwanzo za mishororo. (Kujificha huko nakuelewa sana. Nachapa barua za watu kila siku na hakuna hata moja yenye jina langu.)

Halafu akaja Dunash ben Labrat. Huyu alisoma Baghdad kwa Saadia Gaon, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, kijana mwenye akili na mdomo, na alikuja na kitu kipya mkononi. Alichukua mizani ya mashairi ya Kiarabu akaivalisha Kiebrania. Hata mwalimu wake Saadia inasimuliwa alisema kitu kama hiki hakijawahi kuonekana katika Israeli, na ukilisoma hilo neno mara mbili hujui kama alikuwa anasifu au anashika kichwa.

Niwaonyeshe ugumu wake, manake ni utundu wa ajabu. Sisi kwenye Kiswahili mizani ni rahisi, kila silabi ni moja, hesabu nane, weka kituo, hesabu nane tena. Kiarabu sivyo, wao wanapima silabi fupi na ndefu, kuna mpangilio wa fupi-ndefu-ndefu-ndefu na kadhalika. Kiebrania hakina tofauti hiyo ya urefu. Dunash akafanyaje? Akachukua ile irabu ndogo sana ya Kiebrania, ile ambayo ni kama pumzi tu katikati ya konsonanti, akasema hii ndiyo fupi yangu, irabu nyingine zote ni ndefu. Fupi moja ikifuatwa na ndefu akaiita kigingi, kigingi kile cha kufungia hema, na ile ndefu iliyobaki peke yake akaiita mwendo. Ana wimbo wake unaoanza dror yikra leven im bat, na ukiuimba utasikia, de-ROR YIK-RA, le-VEN IM BAT, kigingi na mienendo miwili, kigingi na mienendo miwili. Wimbo huo Mayahudi bado wanauimba mezani siku ya Sabato mpaka leo, miaka zaidi ya 1,000 baadaye.

Halafu msamiati wenyewe, hebu sikia. Mstari wa shairi wanauita bayit, nyumba, na ni Waarabu waliowapa wazo hilo, bayt, neno lilelile lililotupa sisi ubeti. Kipande cha kwanza cha mstari kinaitwa mlango, cha pili kinaitwa kifungio, sisi tunasema ukwapi na utao. Mizani wanaiita mishkal, yaani uzito. Kina wanakiita haruz, shanga zilizotungwa kwenye uzi. Nilikuwa tayari kusema hata shir yao ni shairi letu lakini nikaangalia vizuri nikakuta la, mizizi ni tofauti, ile ya Kiarabu ina ayn ndani yake na inahusu kuhisi na kujua, ni kufanana kwa sura tu kama watu wawili wanaofanana sokoni.

Wanafunzi wa Menahem hawakuyataka mambo haya. Walisema mizani ya Kiarabu inaharibu lugha takatifu, inailazimisha itamkwe kombo ili tu iingie kwenye kipimo cha watu wengine, na wakaandika majibu makali, na cha kuchekesha wakaonyesha kwamba wao pia wanaweza kuitumia mizani hiyohiyo wakitaka. Dunash naye alikuwa ameishaichambua kamusi ya Menahem kosa kwa kosa, karibu makosa 200, na chambuzi hiyo akaielekeza kwa Hasdai mwenyewe na kuifungulia kwa shairi la sifa. Fitina, bana. Kwenye shairi lake mojawapo anasema vitabu vitakatifu viwe Edeni yako na vitabu vya Waarabu viwe bustani yako. Hakuona haya hata kidogo.

Nikasoma hayo nikakumbuka mabishano yetu wenyewe ya mashairi huru, miaka ya 1970, Kezilahabi na Kichomi chake cha 1974, wazee wakasema shairi lisilo na vina na mizani si shairi la Kiswahili, ni uzungu. Angalia dunia inavyogeuka. Kwetu wanaotetea mizani wanasema mizani ndiyo asili yetu na mgeni ni yule asiyeitumia, kule Cordoba mizani ndiyo iliyokuwa mgeni na waliotetea asili ndio walioikataa. Na mizani ni neno la Kiarabu jamani, liko hapo limekaa katikati ya sentensi linatutazama.

Dunash alishinda. Vizazi vilivyofuata, wakubwa wote unaowasikia, walitunga kwa mizani yake. Menahem aliangukia pabaya. Fitina ilimfikia Hasdai, sababu hasa ilikuwa nini hajasema mtu kwa uwazi, na kwenye barua yake ndefu ya malalamiko Menahem anaeleza alivyovamiwa na kupigwa siku ya Sabato na nyumba yake kuvunjwa. Lakini kilichonikaa mimi kwenye barua hiyo ni kitu kingine. Anamkumbusha Hasdai ule usiku mamake alipofariki. Hasdai alikwenda kwa miguu usiku wa manane mpaka kwa Menahem kumuomba amuandikie maombolezo ya mamake, akafika akamkuta tayari ameshakaa anaandika. Hakuwa ameambiwa. Anamwambia, ukumbuke usiku ule. Mtu anayeweza kuandika hivyo akiwa amepigwa, mimi namuweka juu ya Dunash, mizani au bila mizani. Najua wataalamu hawatakubaliana nami.

Ila kuna mtu aliyekuwa juu yao wote wawili na jina lake hatunalo.

Ndani ya vile vipande vya geniza kulikuwa na shairi fupi, mistari minne tu, na kwanza lilipojulikana nakala yake ilikuwa mbovu na watu wakadhani ni la Dunash mwenyewe. Miaka ya 1980 profesa Ezra Fleischer wa Jerusalem akaunganisha na kipande kingine chenye kichwa cha habari juu yake, kimeandikwa kwamba hili limetoka kwa mke wa Dunash ben Labrat kwenda kwake. Mke. Mwanamke anayetunga kwa Kiebrania karne ya 10, kwa mizani mpya iliyoletwa na mumewe, na wanawake washairi wa Kiebrania wa zama hizo wanaojulikana unaweza kuwahesabu bila kumaliza vidole vya mkono mmoja. Dunash ameondoka, amemwacha na mtoto mchanga. Na shairi linasema hivi, nalieleza kwanza kwa maneno ya kawaida. Je, mpenzi wake atamkumbuka paa wake mzuri, siku ile ya kuachana, na yeye amembeba mikononi mwanawe wa pekee? Alimvika pete ya mkono wake wa kulia kwenye mkono wake wa kushoto, na yeye akamvisha bangili yake mkononi. Siku ile alichukua shali yake kuwa ukumbusho, naye akachukua shali yake kuwa ukumbusho. Je, atabaki katika nchi ya Hispania, hata kama mkuu wake atampa nusu ya ufalme?

Umeona kilichotokea hapo kwenye shali? Umepotea, sivyo? Nani amechukua ya nani? Kiebrania kinasema redido na redida, shali yake mwanaume na shali yake mwanamke, tofauti ni irabu moja ya mwisho na kila mtu anaelewa wamebadilishana. Kiswahili chetu hakijui mume wala mke, yake ni yake, ukisema amechukua shali yake inaweza kuwa ya kwake mwenyewe. Nilikaa na mstari huo wiki nzima, mashine ya fotokopi inalia mimi niko kwenye shali. Nikajaribu kuongeza shali ya mume na shali ya mke, ikawa kama risiti ya duka. Mwisho nikajaribu kuligeuza kwa mizani yetu na kwa lugha ya nyanya, zile -iye za kina Lamu ambazo siku hizi watu wanazisikia kwenye tenzi tu. Msinicheke:

Atakumbuka mpenzi, paa wake mzuriye,
Siku waliyoachana, mkononi mwana naye?
Pete ya kuume kwake, kushoto amvishiye,
Naye bangili mkono, wa mume amtiliye.
Kachukua shali yake, ukumbusho aekeye,
Naye katwaa ya kwake, ukumbusho aekeye.
Atakaa nchi ile, hata nusu wampeye?

Nane kwa nane, nimehesabu. Lakini ile shali imebaki imefungana, na mistari minne yake imekuwa saba yangu, na saba yenyewe ni hesabu mbovu, mzee yeyote wa mashairi ataniambia hivyo. Yeye alifanya kwa maneno machache na bila kulia hata mara moja. Hasemi nimeumia. Anataja pete, bangili, shali, halafu anauliza swali moja la siasa mwishoni, manake huyo mkuu wa Hispania si ndiye mtu ambaye mumewe alikuwa akimtungia mashairi ya sifa? Kuna kipande cha jibu la Dunash, na kwenye hicho anauliza angewezaje kumsaliti mwanamke mwenye hekima kama yeye. Jibu zuri. Hatujaambiwa kama alirudi.

Na jina hamna. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 na jina lake tunalo, binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siu, tunalisoma shuleni. Huyu wa Cordoba, au popote alipokuwa, amebaki mke wa fulani. Mama yangu nilipomsomea hilo shairi alisema tu, "Si kama sisi, mwanangu. Mimi nani aniitaye jina langu, mimi ni mamake wewe." Halafu akaniuliza kwa nini nasoma mambo ya Mayahudi na haya yote yanayoendelea duniani, nikamwambia mama, huyu ameachwa na mtoto miaka 1,000 iliyopita, ana kosa gani? Akasema basi soma tena pale pa bangili.

Waliokuja baadaye nitapita nao haraka, ingawa kila mmoja anataka makala yake. Ukhalifa wa Cordoba ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1000, vita vya ndani, na miongoni mwa waliokimbia mwaka 1013 ni kijana Shmuel ibn Naghrela, anaitwa ha-Nagid, aliyeishia Malaga. Ibn Daud, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, anasimulia kwamba alifungua duka la viungo karibu na nyumba ya waziri, kijakazi wa nyumba hiyo akawa anamuomba amuandikie barua kwa bwana wake, na ule uandishi ukamshangaza waziri mpaka akamtafuta. Inaweza kuwa ni hadithi tu iliyotiwa chumvi, lakini mimi mwenye saiba niacheni niiamini. Alifika kuwa waziri wa Granada, akaenda vitani na majeshi ya mfalme wa Kiberberi mwaka baada ya mwaka mpaka alipofariki 1056, na akiwa huko anatunga, anamtumia mwanawe Yehosef mashairi kutoka kambini, na mtoto huyo anayanakili akiwa hajatimiza hata miaka 9. Yehosef ndiye aliyerithi cheo. Desemba 1066 aliuawa kwenye ghasia za Granada pamoja na Mayahudi wengi wa mji. Mashairi ya babake yapo mpaka leo kwa sababu ya mikono yake ya kitoto.

Solomon ibn Gabirol naye, alifariki kijana, aliandika kitabu cha falsafa kwa Kiarabu, kikageuzwa Kilatini, na wasomi wa Kikristo wa Ulaya wakakisoma mamia ya miaka wakimwita Avicebron, wengine wakidhani Mwarabu wengine Mkristo, mpaka mwaka 1846 msomi mmoja, Solomon Munk, alipogundua kumbe ni yuleyule mshairi wa sala za sinagogi. Hapa tena ni karatasi iliyomrudishia mtu jina.

Na Yehuda Halevi. Huyu ndiye aliyesema moyo wangu uko mashariki na mimi niko mwisho wa magharibi. Tabibu, mshairi mashuhuri, ana kila kitu, akiwa mzee akaamua anaacha yote anakwenda nchi takatifu. Alifika Alexandria Septemba 1140, wakamkaribisha kwa karamu mpaka wakamchelewesha, na Mei 1141 akawa melini bandarini anasubiri upepo wa magharibi. Mtu yeyote wa pwani anajua kusubiri upepo ni nini, nahodha amekaa, mizigo imepakiwa, kaskazi haijageuka. Upepo ukaja, akaenda, na msimu huohuo wa joto akafariki. Hadithi ya watu inasema alikanyagwa na farasi kwenye lango la Jerusalem, lakini yale tunayoyajua kuhusu miezi yake ya mwisho yanatoka kwenye barua za geniza, zile alizozisoma mwanahistoria Goitein, nyingi zikiwa za rafiki yake Halfon ben Netanel, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Aden na India. Zimo hadi barua za mkono wa Halevi mwenyewe, na mle hazungumzii moyo wala mashariki, anachangisha pesa za kumkomboa mwanamke aliyetekwa.

Mwandiko wake ni wa haraka haraka. Nilitegemea mshairi mkubwa hivyo awe na hati nzuri. Nyanya yangu alikuwa na hati nzuri kuliko yeye, nasema hivyo kwa ushahidi.

Manake ushahidi upo. Mwaka jana tulipokuwa tunauza cherehani ya nyanya, ile Singer ya miguu, fundi aliyekuja kuinunua akavuta saraka ya pembeni ikagoma, akavuta kwa nguvu, nyuma yake kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Herufi za Kiarabu, wino wa samawati, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Moyo ulinienda mbio, nikajua huu ndio utenzi, ami hakuuona. Nikakaa nao usiku mzima, herufi kwa herufi, maana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila irabu ni kazi, mb na b zinafanana na p unabahatisha. Mstari wa kwanza ukatoka. Leso mbili, mwezi wa mfungo mosi. Wa pili, leso moja na shilingi kumi. Orodha ya madeni, ukurasa mzima.

Mstari mmoja tu katikati ulinishinda, una jina ambalo sikuweza kulisoma na mbele yake ameweka alama kama ya nyota. Nikaupiga picha nikautuma kwenye grupu la familia nikiuliza kuna mtu anayeweza kusoma hapa. Kimya saa nzima, tiki za buluu. Halafu shangazi mkubwa akarekodi sauti, anacheka mpaka anakohoa, anasema hilo ni jina la mamake ami yako upande wa pili, zilikuwa leso nne za harusi, na nyanya yako mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema hajalipwa hata senti.

Ami yumo kwenye grupu hilo. Alisoma, hakujibu kitu.